Reli ya mwendo wa kasi: Inavyofanya kazi, faida na gharama zake

Reli ya mwendo wa kasi ni mfumo wa usafiri ambao njia yake imejengwa makusudi ili treni za abiria zipite kwa kilomita 250 kwa saa au zaidi. Njia ya zamani iliyofanyiwa ukarabati huhesabiwa katika kundi hilo ikiwa inahimili kilomita 200 kwa saa. Huo ndio mpaka uliowekwa na Muungano wa Kimataifa wa Reli (UIC), wenye makao yake jijini Paris, na ndio unaofuatwa na wataalamu wengi.

Mpaka huo wafaa kutajwa mapema kwa sababu katika Afrika Mashariki jina “reli ya kisasa” limezoeleka kwa maana nyingine. Reli ya SGR iliyozinduliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwishoni mwa Mei 2017 ina upana wa milimita 1,435, sawasawa na njia za kasi za Japan, Ufaransa na China. Hata hivyo, treni zake za abiria huendeshwa kwa dizeli na upeo wa mwendo wake ni kilomita 120 kwa saa. Ile ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma katikati ya mwaka 2024, hutumia umeme na imesanifiwa kwa kilomita 160 kwa saa. Zote mbili ni reli za kawaida, tena zenye manufaa. Upana wa reli si kasi. Kasi hutokana na mambo mengine, na mambo hayo ndiyo yanayokula fedha.

Njia kwanza, gari baadaye

Watu wengi wanapotajiwa treni ya kasi huiwazia ile pua yake ndefu iliyochongoka. Pua hiyo ina kazi yake, lakini siri ya mwendo imo chini ya magurudumu. Treni inapoingia kwenye kona, nguvu inayowasukuma abiria kuelekea nje ya kona haiongezeki sambamba na kasi. Mwendo ukipanda maradufu, msukumo huwa mara nne. Ndiyo maana njia ya kwanza ya Japan, iliyofunguliwa kwa mwendo wa kilomita 210 kwa saa, ilisanifiwa kwa kona zenye nusu kipenyo cha mita 2,500, isipokuwa karibu na baadhi ya stesheni. Njia ya Beijing hadi Shanghai, iliyosanifiwa kwa kilomita 350 kwa saa, ina kiwango cha chini cha mita 7,000.

Kona pana kiasi hicho haimkwepi mtu. Mhandisi wa reli ya kawaida akikuta kilima hukizunguka. Akikuta kijiji hukipitia kando. Mwenzake wa reli ya kasi hana budi kukitoboa kilima na kukinunua kijiji. Penye ardhi tepetevu, au mashamba yenye wenyewe wengi, njia hupandishwa juu ya nguzo. Katika kilomita 1,318 za Beijing hadi Shanghai, zaidi ya asilimia 80 ni madaraja, likiwemo lile la Danyang–Kunshan lenye urefu wa takriban kilomita 164.

Mwinuko peke yake hausumbui sana, jambo linalowashangaza wengi. Treni ya kasi ni nyepesi ikilinganishwa na ya mizigo, nayo ina nguvu nyingi. Wafaransa waliutumia ukweli huo walipojenga njia ya Paris hadi Lyon, iliyofunguliwa mwaka 1981. Waliiruhusu ipande hadi mita 35 katika kila mita 1,000, ikafuata migongo ya vilima bila handaki hata moja. Sharti lake ni kwamba treni za mizigo haziruhusiwi humo. Aidha, karibu na miji treni hizo huingia kwenye reli za zamani na kutumia stesheni zilizokuwepo tangu hapo, na kwa namna hiyo gharama ya kubomoa majumba ya jijini iliepukwa.

Jambo la pili ni macho ya dereva. Kilomita 300 kwa saa ni takriban mita 83 kwa sekunde, yaani karibu uwanja mzima wa kandanda kwa kila pumzi. Treni inayokwenda hivyo huhitaji zaidi ya kilomita tatu ili isimame. Taa ya ishara iliyosimikwa kando ya njia haina maana tena, kwa kuwa dereva akiiona huwa amekwisha kuipita, na hata akiitii hawahi. Kwa hiyo maagizo huletwa ndani ya chumba cha dereva kupitia reli au redio, na mitambo hukamata breki yenyewe dereva asipopunguza mwendo. Kwa sababu iyo hiyo, hapawi na kivuko cha barabara kinachokatiza reli ya kasi, na njia nzima huzungushiwa ua ili ng’ombe wala mtoto asiingie.

Nguvu hutoka kwenye waya wa juu, kwa kawaida wenye volti 25,000. Adui mkuu wa mwendo ni hewa. Kutoka kilomita 250 kwa saa hadi 350, upinzani wake hukaribia maradufu, na bili ya umeme hupanda nao. Hapo ndipo pua inapoingia. Treni za Japan zilipokuwa zikijipenyeza kwenye mahandaki zilisukuma hewa mbele na kutoa mshindo upande wa pili uliowakera wakazi. Mhandisi Nakatsu Eiji, mpenzi wa ndege, alimtazama mdiria anavyojitosa majini bila kurusha matone mengi, na umbo la mdomo wake likaazimwa kwa treni za aina ya 500 zilizoanza kazi mwaka 1997.

Kanuni hizi hazisamehe. Mnamo Julai 24, 2013, karibu na Santiago de Compostela nchini Uhispania, treni iliingia kwenye kona ya kilomita 80 kwa saa ikiwa na mwendo wa takriban 179. Karibu watu 80 walifariki. Kona hiyo ilikuwa mahali ambapo njia mpya iliishia, na mfumo wa kuikamata treni yenyewe haukuwa umewekwa kuilinda. Miaka miwili kabla, huko Wenzhou nchini China, hitilafu ya mitambo ya ishara baada ya radi ilisababisha treni moja kuigonga nyingine kwa nyuma na watu 40 wakafa.

Mzee wa miaka 71 na bajeti ndogo

Historia ya reli hizi huanzia Japan, na inafaa kusimuliwa kwa kirefu kwa maana karibu kila mvutano ulioonekana baadaye kwingineko ulionekana huko kwanza.

Katika miaka ya 1950, reli kati ya Tokyo na Osaka ilikuwa imejaa pomoni. Ilikuwa sehemu ndogo sana ya mtandao wa nchi, lakini ilibeba karibu robo ya abiria na mizigo yote. Reli za Japan zilikuwa nyembamba, za milimita 1,067, nazo zilipindapinda. Wakati huo mataifa tajiri yaliamini kwamba mustakabali ni wa ndege na barabara kuu, na hata ndani ya Japan wapo waliosema kuwa kujenga reli mpya ni kutupa fedha.

Mwaka 1955, Sogo Shinji, aliyekuwa na umri wa miaka 71, aliteuliwa kuwa rais wa Shirika la Reli la Taifa. Alimrudisha kazini mhandisi Shima Hideo, ambaye alikuwa ameliacha shirika hilo baada ya ajali ya moto mwaka 1951. Shima alikataa kuipanua reli ya zamani. Alishikilia kwamba njia iwe mpya kabisa, pana, isiyo na kivuko hata kimoja, na itumiwe na treni za umeme zenye mota katika mabehewa badala ya kuvutwa na kichwa kimoja kizito.

Bajeti iliyopelekwa serikalini ilikuwa takriban yeni bilioni 200. Inasimuliwa kwamba Sogo alijua kiasi hicho hakitoshi, ila aliogopa kwamba akitaja kiasi kamili mradi ungekataliwa. Akaomba pia mkopo wa Benki ya Dunia. Benki ilitoa dola milioni 80 mwaka 1961. Fedha hizo zilikuwa sehemu ndogo ya gharama, lakini zilikuwa na uzito mwingine: serikali iliyotia saini mbele ya ulimwengu haingeweza kuacha kazi katikati. Gharama ilipofikia takriban yeni bilioni 380, Sogo alilazimika kuondoka mwaka 1963 na Shima akajiuzulu pamoja naye. Treni ya kwanza iliondoka Oktoba 1, 1964, siku tisa kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo kufunguliwa. Shima aliitazama sherehe hiyo nyumbani kwake kwenye televisheni.

Safari ya kilomita 515 ilichukua saa nne, na mwaka uliofuata ikapungua hadi saa tatu na dakika kumi. Siku hizi treni iendayo kasi zaidi hutumia chini ya saa mbili na nusu. Kufikia Julai 1967 abiria milioni 100 walikuwa wamesafiri. Tangu siku ya kwanza, hakuna abiria wa Shinkansen aliyekufa kwa sababu ya treni kugongana au kuacha reli, katika nchi ya matetemeko ya ardhi. Tetemeko la Niigata la Oktoba 2004 liliitoa treni moja relini ikiwa mwendoni, lakini hakuna aliyefariki.

Upande wa pili wa kitabu cha hesabu hausimuliwi mara nyingi. Mwaka huo huo wa 1964, Shirika la Reli la Taifa lilianza kupata hasara. Njia ya Tokyo hadi Osaka yenyewe ilileta faida, ila mafanikio yake yaliwapa wanasiasa hamu ya kudai njia kama hiyo katika majimbo yao yenye watu wachache, na kulikuwa na mzigo wa reli za mashambani na wa mishahara. Shirika lilipovunjwa na kubinafsishwa Aprili 1987 lilikuwa na madeni ya takriban yeni trilioni 37, na sehemu kubwa iliachiwa walipakodi.

Nani hunufaika

Faida inayotangazwa kwanza ni muda, na ni faida ya kweli pale umbali unapofaa. Chini ya kilomita 150 hivi, gari hushinda, kwa kuwa anayesafiri hupoteza dakika nyingi kufika stesheni kuliko anazookoa njiani. Zaidi ya kilomita 800, ndege hushinda. Katikati hapo treni haina mpinzani, hasa kwa kuwa humshusha abiria katikati ya jiji. Kule Taiwan, baada ya njia ya takriban kilomita 350 kufunguliwa mwaka 2007 kwenye pwani ya magharibi, safari za ndege kati ya Taipei na Kaohsiung zilipungua hadi zikakoma mwaka 2012. Ufaransa ilikwenda mbele zaidi Mei 2023 ilipopiga marufuku baadhi ya safari fupi za ndege za ndani pale treni inapofika kwa muda usiozidi saa mbili na nusu.

Faida ya pili haionekani kwenye picha za uzinduzi, nayo huenda ikawa kubwa kuliko ya kwanza. Treni za haraka zikihamia njia yao, reli ya zamani hubaki wazi kwa mizigo na kwa treni za wafanyakazi wa kila siku. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya Tokyo hadi Osaka, na ndiyo hoja iliyotumiwa pia nchini Uingereza kutetea mradi wa HS2.

Kuhusu mazingira, treni ya umeme iliyojaa hutoa hewa chafu kidogo mno kwa kila abiria ikilinganishwa na ndege. Maneno “iliyojaa” na “ya umeme” yasirukwe. Saruji na chuma cha madaraja na mahandaki huchafua hewa miaka mingi kabla ya abiria wa kwanza kukata tikiti, na treni inayokwenda nusu tupu huchelewa kulipa deni hilo.

Wapo pia wanaopoteza. Miji midogo iliyokuwa ikisimamiwa na treni za zamani hurukwa. Kaskazini mwa Ufaransa, stesheni ya Haute-Picardie ilijengwa katikati ya mashamba mbali na miji miwili iliyokusudiwa kuihudumia, na wenyeji wakaibandika jina la stesheni ya bitiruti. Wajapani nao huzungumzia “athari ya mrija”: jiji kubwa, likiunganishwa kwa kasi na lililo dogo, huweza kunyonya biashara zake badala ya kuzigawa.

Gharama

Katika ripoti yake ya mwaka 2018, Mahakama ya Wakaguzi wa Hesabu ya Ulaya ilikuta kwamba njia ilizozikagua ziligharimu kwa wastani euro milioni 25 kwa kilomita, bila kuhesabu zilizohitaji mahandaki makubwa. Njia nne kati ya kumi zilikuwa zikigharimu zaidi ya euro milioni 100 kwa kila dakika iliyookolewa. La kusikitisha zaidi, treni zilikuwa zikikimbia kwa wastani wa asilimia 45 tu ya kasi ambayo njia zilijengewa. Kwa maneno mengine, mataifa yalilipia kasi ambayo hayakuitumia, wakati ukarabati wa reli za zamani ungetosha kwa bei nafuu.

China hujenga kwa bei ndogo zaidi. Uchunguzi wa Benki ya Dunia wa mwaka 2019 uliweka wastani wake kati ya dola milioni 17 na 21 kwa kilomita, takriban theluthi mbili ya gharama ya mataifa mengine, licha ya wingi wa madaraja. Sababu ni usanifu wa aina moja unaorudiwa nchi nzima na wanakandarasi wasiokaa bila kazi. Kufikia mwisho wa mwaka 2024 nchi hiyo ilikuwa na takriban kilomita 48,000 za reli ya kasi, zaidi ya mataifa mengine yote kwa jumla. Lakini hata huko, njia za mashariki penye msongamano wa watu ndizo zinazojilipia; nyingi za magharibi hutegemea nyingine.

Kwingineko makadirio yamekuwa kama mchanga. Wapigakura wa California waliidhinisha hati za mkopo mwaka 2008 mradi ulipokadiriwa kugharimu takriban dola bilioni 33 kati ya San Francisco na Los Angeles. Makadirio ya baadaye yalipita dola bilioni 100. Uingereza ilikata tawi la HS2 la kwenda Leeds mwaka 2021 na lile la Manchester Oktoba 2023, ikabaki na kipande cha London hadi Birmingham. Taiwan iliwaachia wawekezaji wa kibinafsi, lakini mwaka 2015 serikali ililazimika kuiokoa kampuni hiyo na kuiongezea muda wa kuendesha reli kutoka miaka 35 hadi 70.

Chanzo cha taabu hizi ni kimoja. Karibu gharama yote hulipwa kabla ya safari ya kwanza, na riba haingojei abiria. Treni ikibeba watu 100 au 1,000, njia, mahandaki na madaraja yaligharimu kiasi kilekile. Wakaguzi wa Ulaya walitumia kipimo cha abiria milioni tisa kwa mwaka kuwa kiwango ambacho njia ya kasi inastahili kufikia ili ifanikiwe.

Kipimo hicho kinafaa kuwekwa kando ya takwimu za nyumbani. Umbali kati ya Nairobi na Mombasa, chini kidogo ya kilomita 500, ni ule unaofaa kabisa. Lakini SGR ilibeba kati ya abiria milioni mbili na tatu kwa mwaka katika 2022 na 2023, kwa nauli zilizo chini mno ya zile za Ulaya au Japan. Kwa bei ya China, njia ya kasi ya kilomita 480 ingegharimu dola bilioni nane hadi kumi. Kiasi hicho ni zaidi ya maradufu ya gharama ya SGR kati ya miji hiyo, takriban Sh327 bilioni, ambayo kwa sehemu kubwa ilitoka kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, na ambayo Wakenya huilipia pia kupitia ushuru wa ustawi wa reli unaotozwa bidhaa zinazoingizwa nchini tangu mwaka 2013.

Jirani waliojaribu

Mahujaji kutoka Afrika Mashariki wameionja reli ya kasi nchini Saudi Arabia, ambako njia ya Haramain ya takriban kilomita 450 huunganisha Makka na Madina kupitia Jeddah tangu mwaka 2018, kwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Hiyo ina abiria wa aina yake na serikali yenye mafuta, na si mfano rahisi kuigwa.

Mfano ulio karibu zaidi ni Morocco, taifa la kwanza Afrika kuwa na treni za kasi. Al Boraq ilizinduliwa Novemba 2018 kati ya Tangier na Casablanca, umbali wa kilomita 323. Njia mpya ya kilomita 320 kwa saa ilijengwa kutoka Tangier hadi Kenitra pekee, kidogo zaidi ya nusu ya safari. Sehemu iliyobaki ni reli ya zamani iliyoboreshwa. Gharama ilikuwa takriban dirham bilioni 23, zikichangiwa na mikopo ya Ufaransa na ya hazina za nchi za Ghuba. Safari iliyokuwa ikichukua saa nne na dakika 45 ikawa saa mbili na dakika kumi.

Abiria walikuwa takriban milioni tatu mwaka wa kwanza na milioni 5.5 mwaka 2024, idadi ambayo bado haijafika kipimo cha Ulaya lakini inapanda. Aprili 2025 kazi ilianza kwenye kipande kinachofuata, takriban kilomita 430 kutoka Kenitra hadi Marrakech, ambacho Morocco inakusudia kukikamilisha kabla ya Kombe la Dunia la mwaka 2030 itakaloandaa pamoja na Uhispania na Ureno.